Usiku wa Jumatano

Kitabu cha mvua ninacho mpaka leo. Meneja wa mwisho wa shamba alipofunga ofisi alikuwa akivitupa vitabu vyote motoni. Nikamwomba hicho kimoja, akanitazama kama mtu aliyeombwa kiatu kibovu, akanipa. Jalada limeliwa na mende pembeni. Ndani kuna mwandiko wangu wa ujana, mzuri, wa kujionyesha, herufi zote zimelalia upande mmoja kwa sababu mwalimu alizichapa mpaka zikalala. Wajukuu wakikifungua huuliza nilikuwa naandika nini kila siku, nami huwaambia nilikuwa naandika mvua. Wanacheka. Nawaacha wacheke, hawajui walichoshika.

Miaka ya hamsini nilikuwa karani katika shamba la kahawa upande wa Gitothua, karibu na Ruiru. Karani ni neno kubwa. Kazi yangu ilikuwa kuita majina ya vibarua asubuhi, kuandika madebe ya kahawa iliyochumwa, na kupima mvua. Kipimo chenyewe kilikuwa mkebe wa shaba uliofukiwa nusu ardhini kwenye nyasi nyuma ya ofisi, umezungushiwa waya mbuzi wasije wakanywa. Ndani mlikuwa na faneli na chupa. Kila asubuhi saa tatu, inyeshe isinyeshe, nilitoa chupa, nikamimina maji kwenye glasi nyembamba yenye mistari, nikainama mpaka jicho likawa sawa na maji, nikasoma, nikaandika. Chupa ikiwa kavu niliandika sifuri. Sifuri ilikuwa lazima. Nafasi ikibaki wazi meneja aliuliza kama ni mvua haikunyesha au ni karani hakuamka.

Akina mama wachuma kahawa walinipa jina, Karani wa Mvua. Wakipita na madebe yao wananitania. "Karani, umeandika ile iliyoninyeshea mimi, ama umeandika ya meneja pekee?" Nami nilijibu kwa kiburi cha kijana aliyevaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi: "Mama, mvua yote imo humu." Niliamini hivyo. Ningeapa mbele ya mtu yeyote kwamba hakuna tone lililoanguka kwenye shamba lile nikakosa kuliandika.

Kazi ya mkebe nilifundishwa na karani aliyekuwapo kabla yangu, mzee wa kutoka pwani, mtu msafi kupita kiasi, aliyefuta glasi ile kwa kitambaa cheupe kana kwamba ni ya kunywea sharubati. Alinifundisha kusoma mstari, kushika chupa, kukausha faneli. Na kulikuwa na jambo moja alilorudia kuniambia mara nyingi. "Sikiliza, mwanangu," alisema. "Siku haianzi asubuhi. Jua likizama siku imekwisha, nyingine imeingia. Mvua iliyonyesha jana baada ya jua kuzama ni mvua ya leo. Ule ni usiku wa leo. Usinichanganyie kitabu." Mimi nikasema ndiyo mzee. Na kwa kweli ilirahisisha kazi. Mvua ya usiku unaipima asubuhi, unaiandika kwenye siku hiyo hiyo uliyosimama nayo, basi, umemaliza.

Kwetu hatusemi hivyo. Kwa mama yangu, na kwa Mkikuyu yeyote niliyemjua, usiku ni mkia wa mchana uliopita. Ukisema usiku wa Jumanne, ni Jumanne watu wakishakula na kuzima moto. Kwa hiyo mimi nilikuwa na usiku wa aina mbili. Nyumbani nilisema kama mama, ofisini niliandika kama mzee. Sikuona taabu yoyote, maana hakuna mtu aliyewahi kuuliza. Meneja aliangalia jumla ya mwezi tu. Mti wa kahawa haujui Jumanne wala Jumatano. Mzee akastaafu, akapanda gari la moshi kurudi kwao, nami nikaendelea kuandika jinsi alivyoniachia kwa miaka mitatu.

Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Serikali ilikuwa imewahamisha watu kutoka kwenye maboma yao na kuwasonga katika vijiji vilivyozungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa, na homugadi langoni, yaani watu wetu wenyewe waliopewa bunduki watulinde dhidi yetu. Jioni palikuwa na kafiu, hakuna kutoka nje bila ruhusa. Kwenda Thika kutoka Ruiru, mwendo wa baiskeli usiotoa hata jasho la maana, kulihitaji pasi yenye saa ya kuondoka na saa ya kufika. Mama aliishi katika kijiji kimoja cha namna hiyo, karibu na shamba. Alikuwa na kibanda cha udongo, paa la nyasi lililovuja, na kikohozi.

Kaka yangu mkubwa alifanya kazi kiwandani Thika. Alikuwa mtu wa mzaha, mwenye mabega mapana, na ndiye peke yake kati yetu aliyeweza kumchekesha mama. Mimi mama aliniheshimu. Yeye alimpenda. Nayasema haya bila wivu, mimi mwenyewe nilimpenda hivyo hivyo. Kila alipopata ruhusa alikuja kumwona mama, na akipita shambani alinikuta ofisini, anachungulia dirishani na kusema, "Kamwana, mvua yako inaendeleaje?" Kamwana ni kusema kijana mdogo. Nilikuwa nimeshatimiza miaka ishirini na miwili na bado ananiita hivyo mbele ya vibarua.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja alikuja kwa ruhusa ya siku moja, kwa sababu kikohozi cha mama kilikuwa kimezidi. Alikaa naye mchana kutwa. Jioni akapita kwangu, baiskeli mkononi, pasi mfukoni. Upande wa Nairobi kulikuwa na wingu zito. Akalitazama, akanigeukia. "Karani, hii itanyesha?"

Nami nikatazama juu kama daktari anayemtazama mgonjwa ulimi. Nilikuwa ninapima mvua iliyokwisha kuanguka, sikuwa na elimu yoyote ya ile ambayo haijaanguka, lakini tangu lini karani akakubali kwamba hajui. "Hii inaenda zake," nikamwambia. "Nenda tu."

Akaenda. Jua likazama. Haikupita robo saa, mvua ikaja kama iliyotumwa. Nilisimama mlangoni mwa chumba changu cha lain, ile safu ya vyumba vya wafanyakazi, nikasikia mabati yakipigwa, nikasema moyoni kaka yangu atanitukana Jumapili. Hilo ndilo nililowaza. Nilifikiri nitatukanwa.

Mvua ya huku kwetu ina tabia yake. Inanyesha Ruiru mpaka njia zinageuka mito, na ukifika Juja unakuta vumbi. Siku hiyo ilikuwa hivyo. Kaka alipanda baiskeli ndani ya mvua, akatoka upande wa pili wa mvua, akavuka daraja la mto Ndarugu, na mbele kidogo ya mto homugadi wakamsimamisha kwenye barabara kavu. Yeye amelowa kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, vumbi chini ya miguu yao halijaguswa na tone. Na jioni ile ile, chini kando ya mto, ghala la shamba moja lilikuwa limechomwa moto na watu wasiojulikana. Wakamwuliza maji haya ni ya nini. Akasema ni ya mvua. Wakatazama juu, wakaona nyota.

Kwao jambo lilikuwa wazi kabisa. Mtu aliyepita darajani halowi. Aliyelowa amevuka mtoni, na aliyevuka mtoni ametoka ghalani. Matope ya baiskeli wakasema ni ya ukingoni mwa mto.

Sisi tulipata habari siku ya tatu, kutoka kwa mfanyakazi mwenzake. Mama akauliza swali moja tu: alikuwa na koti jingine? Nikasema sijui. Kweli nilijua. Hakuwa na jingine ila lile aliloliacha kwa mama, amemfunika nalo miguu.

Mwezi ukaisha. Mwisho wa kila mwezi nilikuwa na kazi niliyoipenda kuliko zote: kuupitia mwezi mzima wa mvua, siku kwa siku, na kuunakili kwenye fomu safi ambayo meneja aliipeleka Nairobi. Unaandika jumla, unaandika siku ngapi zilikuwa na mvua, siku gani ilipata nyingi zaidi, na pembeni kuna nafasi ya maelezo. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu cha misheni nilikuwa nakionea fahari. Nilitandaza karatasi mezani, nikachovya kalamu. Mwezi ule ulikuwa umeanza vizuri kwa mvua ya mwere, yaani ya vuli, halafu ukalegea. Manyunyu, sifuri, sifuri, manyunyu. Mvua kubwa ilikuwa moja tu, ile ya inchi moja na kitu.

Nilipofika kwenye mstari ule moyo ulinienda mbio kwa furaha. Nawaambia kweli, nilifurahi. Mvua ya kaka yangu ilikuwa pale, kwa wino, kwa mkono wangu, na nilikuwa nimeiandika kabla sijajua kwamba amekamatwa. Nani angesema nimebuni? Nikaipamba. Kwenye nafasi ya maelezo nikaandika kwa Kiingereza, neno kwa neno kama mzee alivyonifundisha kuita, kwamba mvua kubwa ilinyesha usiku wa Jumatano. Nikapuliza wino ukakauka. Nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, ushahidi upo ofisini, serikali yenyewe ndiyo iliyouagiza.

Na kaka naye, kule alikokuwa, alikuwa amesema hivyo hivyo. Aliwaambia, "Ulizeni shambani. Mdogo wangu ndiye anayeandika mvua." Kumbe ndiyo sababu, wiki ya kwanza ya mwezi uliofuata, meneja aliniita akaniambia nichukue kitabu na nakala ya fomu, kwa kuwa nilitakiwa Thika asubuhi ya kesho yake. Meneja mwenyewe hakuwa na la kusema, juma lile la mvua alikuwa Nairobi. Nyapara nilimwomba aje aseme alivyoiona mvua. Akakuna shingo. "Karani, mimi mvua niliiona, lakini tarehe siijui. Nisije nikakuharibia." Hakuna mtu aliyetaka kutamka neno mbele ya ofisi ya namna ile, na siwalaumu. Hata tungekwenda kijiji kizima, neno letu lilikuwa la kijiji. Karatasi ndiyo iliyohesabika.

Nilikifunga kitabu ndani ya taulo safi, nikakiweka kifuani chini ya koti, nikaenda nacho Thika nikiwa na matumaini. Ningependa kusema nilikuwa na hofu, ingenipa heshima kidogo. Sikuwa nayo. Njia nzima nilikuwa natunga nitakavyomhadithia mama jioni.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, na Mzungu kijana kuliko nilivyotazamia, mwenye mafua. Pembeni alikaa mkalimani, mtu mzima wa pwani mwenye kofia nyeupe. Nilipomwona nikazidi kutulia, maana alinikumbusha mzee wangu. Kaka alikuwa amesimama karibu na dirisha, katikati ya askari wawili. Alikuwa amekonda. Aliponiona na lile taulo akatabasamu, akainua kidevu kidogo kana kwamba anawaambia wale askari, si niliwaambia?

Bwana yule alizungumza nami kwa Kiingereza. Akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye Jumanne. "Sifuri," akasema.

"Ndiyo bwana. Soma mstari ulio chini yake."

Akausoma. Akasoma na fomu. Akapenga kamasi, akasema taratibu, bila ubaya: "Hapa umeandika inchi moja na zaidi, Jumatano usiku. Ndugu yako alikamatwa Jumanne usiku. Jumatano usiku alikuwa kwetu, ndani, chini ya mabati yetu."

Nikaanza kueleza. Nikaeleza jua kuzama, nikaeleza siku inavyoingia, nikaeleza mzee na kitambaa chake cheupe. Kiingereza kilinitoka kwa vipande. Nikasema, bwana, mwulize mkalimani, yeye anajua.

Akamgeukia. "Ni kweli hayo?"

"Ni kweli, bwana," mkalimani akasema. "Kwa Kiswahili chenyewe, usiku wa Jumatano ni ule wa kuamkia Jumatano. Ndio anaoutaja."

Nikavuta pumzi. Ningeweza kumbusu mzee yule mkono. Bwana akakuna kichwa, akatikisa fomu yangu, nikaona kwamba amekubali, au anakaribia. Kisha akafungua faili. Ndani mlikuwa na maneno ya kaka yangu, yaliyochukuliwa kwa Kiswahili siku ya kwanza na kuandikwa jinsi alivyoyasema. Akampa mkalimani ayasome kwa sauti. Mkalimani akasoma: "Nilinyeshewa na mvua usiku wa Jumanne."

"Na usiku wa Jumanne ni upi?" bwana akauliza.

Mkalimani alinitazama mimi kwanza. Nafikiri alikuwa amekwisha kuona, na mimi bado. "Usiku wa Jumanne, bwana," akasema, "ni ule wa kuamkia Jumanne. Jumatatu, jua likishazama."

Jumatatu usiku kaka alikuwa zamu kiwandani. Kadi yake ilikuwa humo humo kwenye faili.

"Kwa hiyo," bwana akaniambia, "nikifuata lugha ya kitabu chako, ndugu yako anadanganya. Nikifuata lugha ya ndugu yako, kitabu chako kinasema hapakunyesha. Nifuate ipi?"

Nikasema zote mbili. Najua ni jibu la kijinga, lakini ndilo la kweli: kitabu kisomwe kama cha pwani, na kaka asikizwe kama mtu wa kwetu. Bwana akaniuliza na mimi ni mtu wa wapi. Nikasema wa kwao yeye, mama mmoja, baba mmoja.

"Ndugu wa tumbo moja," akasema, "na kila mmoja ana usiku wake." Askari mmoja akacheka. Bwana hakucheka. Alifunga kitabu changu, akakisukuma kwangu juu ya meza, akaandika kitu kifupi kwenye faili.

Kaka hakujua Kiingereza. Alikuwa ametutazama muda wote kama mtu anayetazama watu wakizungumza nyuma ya kioo. Walipokuwa wanamtoa akaniuliza kwa lugha yetu, "Kwani hukuandika?"

"Niliandika."

"Sasa?"

Ningeanzia wapi? Mlangoni akageuka akasema nimwambie mama kikohozi asikifanyie mchezo, na lile koti alishone mkono. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kutoka kwake.

Mkalimani alinikuta nje nikiwa nimeketi kwenye jiwe. Akasimama kidogo. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Niliulizwa maana ya neno, nikatoa maana ya neno." Nilimchukia kwa miaka mingi, kisha siku moja nikajikuta simchukii tena, sijui lini iliisha. Yeye alisema kweli. Mzee aliyenifundisha alisema kweli. Kaka alisema kweli, na kitabu nacho kilisema kweli. Mimi peke yangu katika chumba kile nilizijua lugha zote mbili za usiku, na mimi ndiye niliyezichanganya kwa uvivu na majivuno, kwa kupenda mwandiko wangu.

Watu huniambia wangempeleka tu hata kama kitabu kingeandikwa na malaika. Siku zile mtu hakuhitaji kuwa na kosa. Huenda. Nimejaribu kukaa ndani ya neno hilo, huenda, na halina nafasi ya kutosha. Nilimwona bwana yule akitikisa ile karatasi. Nilimwona.

Mama nilimwambia mvua ya kitabu haikutosha. Akaniuliza haikutosha vipi, na yeye aliweka sufuria nne chini ya paa na zote zikajaa. Nikasema ni mambo ya ofisi. Akanitazama sana. Tangu hapo hakuniuliza tena mambo ya ofisi.

Meneja hakunifukuza. Alisema tu kuanzia sasa mvua inayopimwa saa tatu asubuhi iandikwe kwenye siku iliyotangulia, kama wanavyofanya watu wengine, na ile ya zamani iachwe ilivyo. Niliomba nisahihishe angalau ule mwezi mmoja. Akasema fomu ilishakwenda Nairobi, na kwa jumla ya mwezi haibadilishi kitu. Ni kweli. Nilijumlisha mara mbili, jumla ni ile ile. Basi nikaendelea. Asubuhi saa tatu natoa chupa, nainama, nasoma. Akina mama wakipita hawakunitania tena. Walipita na madebe yao wakisema habari ya asubuhi, kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko tusi.

Kaka alipelekwa kambi ya kizuizini huko pwani. Barua hazikuja. Mwaka ukapita, na mwingine ukakaribia kwisha. Mama alizoea kuketi mlangoni na lile koti mapajani. Mkono alikuwa ameushona, akaufumua, akaushona tena kwa uzi mzuri zaidi.

Kisha asubuhi moja, mvua zimeanza, mtu mmoja wa kutoka upande wa Thika alipita kijijini. Alikuwa ameachiliwa kutoka kambi ile ile, na njiani alikuwa anapeleka ujumbe kwa nyumba za watu, bila karatasi, yote kichwani. Mimi nilikuwa kwa mama, nimemletea kuni. Mtu yule aliketi, akakataa uji, akasema alichotumwa kusema. Kaka alikuwa ameugua kuhara. Alifariki juma lililotangulia, usiku wa Ijumaa.

Mama hakulia papo hapo. Alikunja koti, akaliweka kitandani. Kisha akaanza kuhesabu usiku wa juma lile, kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Nilijua anachotafuta, maana hata mimi niliukumbuka mfululizo ule. Alhamisi usiku ilinyesha vibaya, paa likavuja, mama akakesha akihamisha sufuria na kusali Mungu aizuie. Ijumaa usiku palikuwa pakavu, na kwa sababu ya uchovu wa jana yake alilala kama mtoto, akachelewa hata kuwasha moto. Alinieleza mwenyewe Jumamosi, akicheka.

Nikamwuliza mgeni, "Huo usiku wa Ijumaa aliutaja nani?"

"Kambi yote ilisema hivyo."

"Watu wa kwetu, au askari wa pwani?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyepotewa na akili. "Ndugu yangu," akasema, "mtu amekufa usiku wa Ijumaa. Unataka nini tena?"

Akaenda zake, alikuwa na nyumba nyingine tatu. Mama akanigeukia. Alikuwa hajaniuliza neno juu ya mvua tangu siku ile ya Thika.

"Baba," akaniambia, maana kwetu mama humwita mtoto wa kiume hivyo akiwa na jambo zito, "wewe ndiye unayeandika. Ni usiku upi? Ule wa mvua, au ule niliolala?"

Kule ofisini, ndani ya kitabu, siku zote mbili zilikuwa zimeandikwa vizuri kabisa, kila moja mahali pake.

"Ule wa mvua, mama," nikasema. "Ulikuwa macho."

Akatikisa kichwa taratibu, akakubali. Ndipo akaanza kulia. Sikujua ni usiku upi. Mpaka leo sijui.